Banda la kuku penye baridi: funga chini, fungua juu

Swali la msomaji:

"Shikamoo Daktari. Nafuga kuku wa nyama hapa Njombe mjini. Banda langu ni mita 6 kwa 9, ukuta wa tofali unafika kiunoni, juu yake waya, paa la bati. Naingiza vifaranga 600 kwa awamu. Tangu baridi ianze mwezi Mei nafunga turubai pande zote kuanzia jioni, na kwenye bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto) naweka majiko matatu ya mkaa. Asubuhi nikifungua mlango macho yanawasha hadi machozi. Kuku wanakoroma na kupiga chafya, maranda yameloa na kushikana mabonge, na kuanzia wiki ya nne wapo wanaovimba tumbo na kufa, hasa majogoo makubwa. Duka la dawa wamenipa antibayotiki mara mbili. Wanapata nafuu siku chache kisha hali inarudi. Jirani anasema ninyunyize chokaa, mwingine anasema ninunue feni. Nikikunja turubai kidogo wanarundikana kona moja na kufa kwa kubanana. Nifanyeje? Na je, niagize vifaranga wa Julai au nisubiri joto?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa hasara, na umefanya vizuri kueleza kwa kirefu, maana dalili zote ulizozitaja zina mzizi mmoja. Kazi ya kumpasha kifaranga joto ni ya bruda. Kazi ya kumpa pumzi ni ya banda. Wewe umelipatia banda zima kazi ya bruda: umeliziba ili joto lisitoke, na pamoja na joto umefungia ndani maji, amonia (ile gesi ya kinyesi inayokuwasha macho) na hewa ya mkaa. Ni sawa na mtu kujifunika blanketi gubigubi mpaka kichwani. Miguu itapata joto, ila baada ya muda atatafuta pumzi.

Kabla ya mengine yote nizungumzie mkaa, kwa sababu hilo halipaswi kusubiri hata usiku mmoja. Mkaa unaowaka mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Wafugaji wengi hukoleza jiko nje mpaka moshi uishe, kisha huliingiza ndani wakiamini hatari imebaki nje. Moshi umekwisha kweli, lakini gesi hiyo huendelea kutoka hata mkaa ukiwa mwekundu kabisa. Huishika damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Vifaranga wanalegea, wanasinzia, na asubuhi unakuta waliokufa bila alama yoyote, ukadhani ni baridi, ukaongeza jiko la nne. Binadamu naye haponi. Kama kuna kijana anayelala bandani kuchunga moto, mtoe leo hii, na usimrudishe humo mpaka umeacha upenyo wa kudumu juu ya ukuta kama nitakavyoeleza na moto umehamia nje.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo tatizo lako lilipoanzia, hata kabla ya amonia.

Kuku wa nyama wa wiki nne anakunywa karibu robo lita kwa siku, pungufu kidogo penye baridi. Kwa kuku 600 hizo ni lita 120 hadi 150, yaani madumu sita hadi saba na nusu ya lita 20 unayoyaingiza bandani kila siku ya Mungu. Mwili wa kuku unabakiza sehemu ndogo tu. Mengine yote yanatoka kwa pumzi na kwa kinyesi, ambacho zaidi ya theluthi mbili yake ni maji. Hewa isipotoka, maji hayo yana njia mbili: yapande mpaka kwenye bati, yapoe na kudondoka (bila shaka unaliona bati likitoa jasho alfajiri), au yabaki kwenye maranda. Ndiyo maana maranda yako yameshika mabonge hata kama vyombo vya maji havivuji.

Wafugaji wa nyanda za juu huwa wananibishia hapa. Wanasema: Daktari, nje kuna ukungu, hewa yenyewe imeloa, nikiingiza hiyo si naongeza unyevu? Hoja inaeleweka, ila hebu tuipigie hesabu. Hewa ya nyuzi 10, hata ikiwa katikati ya ukungu, haibebi zaidi ya gramu 9 na kitu za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ipashe ifike nyuzi 20, uwezo wake unapanda hadi gramu 17 hivi. Kwa hiyo hewa ileile iliyokuwa imejaa maji kule nje, ikishaingia na kupata joto la ndani, inakuwa imejaa nusu tu. Nusu iliyobaki ndiyo nafasi ya kubebea maji ya banda lako kwenda nje. Hewa ya baridi inakausha banda, mradi ipate joto kabla ya kumfikia kuku na iwe na njia ya kutokea.

Inahitajika kiasi gani? Chukua kuku wako wakiwa na kilo moja na nusu, tuseme wanatoa lita 4 za maji, yaani gramu 4,000, kama mvuke kwa saa, na kila mita ya ujazo ya hewa inayotoka inaondoka na gramu 4 zaidi ya ilizoingia nazo. Utahitaji mita za ujazo 1,000 za hewa kila saa. Banda lako zima, ukichukua kimo cha mita 2.4, lina mita za ujazo kama 130. Maana yake hewa yote ya ndani ibadilike mara saba au nane kila saa, usiku kucha. Inasikika kama jambo kubwa, lakini upenyo wa sentimita 5 uliokwenda urefu wote wa mita 9, pande zote mbili, unafanya karibu mita moja ya mraba. Hewa ikiingia hapo kwa mwendo wa sentimita 30 kwa sekunde, mwendo ambao ngozi yako haiusikii, na ikatokea kwenye mgongo wa paa, hesabu inatimia.

Usiogope kwamba joto lote litaondoka. Kuku wa uzito huo anatoa joto linalozidi wati 10. Zidisha kwa 600 upate zaidi ya kilowati 6, mchana na usiku, bila mkaa wala umeme. Kuku wakubwa wana joto la kutosha kulipia hewa safi. Wanaohitaji kusaidiwa ni vifaranga wa wiki tatu za mwanzo, na hao hata mvuke wao ni mdogo, kwa hiyo hewa wanayohitaji nayo ni ndogo.

Amonia ni mtoto wa hayo maji. Ile sehemu nyeupe ya kinyesi cha kuku ni asidi ya yuriki, na bakteria walioko kwenye maranda yaliyoloa huivunja mpaka itoke amonia. Maranda makavu hayawapi bakteria nafasi. Miongozo ya ufugaji inataka amonia isipite sehemu 25 katika milioni moja za hewa, na ikiwezekana ikae chini ya 10. Mtu akitokwa machozi mlangoni, mpaka huo umeshavukwa. Tena pua inazoea. Baada ya dakika chache ndani utaona kama hali imekuwa nzuri, kumbe ni wewe umeacha kuinusa. Kipimo kizuri ni cha alfajiri, ukiwa umetoka kwenye hewa safi ya nje: ingia, chuchumaa mpaka uso wako ufike karibu na maranda, uvute pumzi. Kuku anaishi sentimita 20 kutoka kwenye kinyesi chake. Wewe ukisimama unavuta hewa ya ghorofa nyingine kabisa. Au mwite mtu asiyefuga kuku, umuulize anavyosikia.

Kuhusu kukoroma na antibayotiki. Ndani ya koo la hewa la kuku kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia vumbi na vijidudu kuvirudisha juu. Amonia inavilemaza. Vikishalala, bakteria wa kawaida waliomo kwenye vumbi la banda, kama E. koli, hushuka mpaka kwenye mapafu na mifuko ya hewa. Antibayotiki inawapunguza bakteria hao kwa siku chache, ndiyo nafuu unayoiona, lakini vinyweleo bado vimelala na hewa ni ileile, kwa hiyo lazima warudi. Unalipia dawa, unafundisha vijidudu kuizoea, na unaongeza siku za kusubiri kabla nyama haijawa salama kuliwa. Simaanishi kuku wako hawana ugonjwa wowote. Mdondo (kideri), mafua ya kuku yanayosababishwa na bakteria waitwao maikoplasma, hata fangasi wa mapafu wanaotoka kwenye maranda yenye ukungu, vyote vinaweza kuanza kwa kukoroma. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa ya tatu, chukua kuku wawili watatu wanaoumwa ambao hawajafa, na mmoja aliyekufa muda si mrefu, uwapeleke kwa daktari wa mifugo wa halmashauri au maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) iliyoko Iringa wapasuliwe. Na jambo moja linalosahaulika: usiwape chanjo hai ya mdondo, ya matone wala ya kunyunyiza, ukiwa bado unatokwa machozi bandani. Kwenye koo lililojeruhiwa na amonia chanjo hiyo huleta mafua makali.

Wanaovimba matumbo nao nawaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu Njombe hili litakusumbua zaidi ya mfugaji wa Kibaha hata mkifuga sawasawa. Ukimpasua kuku huyo utakuta maji ya rangi ya manjano yamejaa tumboni, ini limevimba, na moyo umetanuka upande wa kulia. Akiwa hai kishungi chake huwa na rangi ya zambarau. Si ugonjwa wa kuambukiza. Kuku wa nyama wa kisasa anakua haraka kuliko mapafu na moyo wake vinavyoweza kumhudumia, na mji wako uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambapo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa kama moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Tatizo hili lilifahamika mapema kwa wafugaji wa milima ya Andes kule Amerika Kusini, kwa sababu hiyohiyo ya mwinuko. Sasa juu ya mwinuko ongeza baridi, inayomlazimu kuku kuchoma oksijeni zaidi ili apate joto. Halafu ongeza kaboni monoksidi na amonia. Moyo unasukuma kwa nguvu kupitia mapafu yasiyotosheleza, mpaka unashindwa, na maji yanavuja tumboni. Wanatangulia majogoo makubwa kwa kuwa ndio wanaokua haraka zaidi.

Aliyekwisha kuvimba hana dawa. Kwa wengine unaweza kufanya mambo mawili. La kwanza ni hewa na joto zuri tangu siku ya kwanza, maana madhara ya moyo huanza mapema ingawa tumbo linaonekana wiki ya nne au ya tano. La pili ni kupunguza kasi ya kukua katika wiki ya pili na ya tatu: wape chakula cha unga badala ya punje, au ondoa vyombo vya chakula kwa saa chache usiku huku maji yakibaki. Watachelewa siku mbili tatu kufika sokoni. Kwa mwinuko wako, ningekubali kuchelewa huko bila kufikiri mara mbili.

Basi tufike kwenye turubai. Umesema ukilikunja kuku wanarundikana. Naamini turubai lako limepigiliwa juu, kwenye mbao chini ya paa, na unalikunja kuanzia chini kwenda juu. Mabanda mengi yamefungwa hivyo. Hewa ya baridi ni nzito: ukifungua chini inaingia moja kwa moja juu ya migongo ya kuku, nao wanakimbilia kona ya mbali. Wakati huohuo hewa ya moto yenye mvuke imebaki imekwama juu kwa sababu juu pamezibwa. Yaani unawapa baridi na hutoi uchafu.

Ligeuze. Pigilia ukingo wa chini wa turubai kwenye ubao uliofungwa juu ya ukuta wa tofali, kwa nje ya waya, likishuka kama sentimita 15 chini ya usawa wa ukuta ili upepo usipenye. Ukingo wa juu ushone upindo, upitishe mwanzi mrefu mnyoofu au bomba jepesi, ufunge kamba tatu zinazopanda mpaka kwenye kenchi na kushuka mahali unapozifikia. Ukivuta, turubai linapanda. Ukilegeza, linashuka na kuacha upenyo juu. Hewa ya baridi inaingia kwenye upenyo huo mwembamba, inakutana na hewa ya moto iliyoko chini ya bati, zinachanganyika, na inapofika kwa kuku imeshapoteza makali yake. Kazi yote ni ya siku moja kwa fundi na msaidizi, na karibu vifaa vyote unavyo tayari.

Turubai lisifike juu kabisa hata siku moja, hata usiku wa Julai wenye baridi kali kuliko yote. Wiki ya kwanza acha sentimita 2 au 3 pande zote mbili. Wiki ya pili, 5. Wiki ya tatu, upana wa kiganja usiku na zaidi mchana. Kuanzia ya nne, shubiri nzima usiku, na mchana jua likitoka shusha mpaka nusu au zaidi. Hizo ni namba za kuanzia. Pua yako iliyochuchumaa na tabia ya kuku ndivyo vitakavyokuambia uongeze au upunguze. Upepo ukivuma kwa nguvu, kama ule wa kusini mashariki wa miezi ya baridi, punguza upande unaotokea upepo na uongeze upande wa pili. Na usilifanye jambo la asubuhi na jioni tu. Kutoka saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili asubuhi ni saa 15, na humo ndimo kuku wako wanapoharibikiwa. Pita tena saa nne usiku kabla ya kulala.

Hewa inayoingia lazima itoke. Njia bora ni mgongo wa paa: inua kofia ya bati kwa sentimita kama 10, ziba uwazi kwa waya mdogo ndege wasiingie, na kofia iwe pana kiasi cha kuzuia mvua. Kama fedha haitoshi sasa hivi, toboa madirisha madogo kwenye pembetatu za kuta mbili za mwisho, juu kabisa karibu na mgongo wa paa, uweke waya. Na chini ya bati weka dari nyepesi, hata ya viroba vilivyoshonwa na kubanwa kwenye papi, ikiacha wazi sehemu ya mgongo. Bati likikingwa hivyo halitoi jasho jingi, na joto la kuku halikimbii ovyo.

Sasa bruda, ambako joto linahitajika kwelikweli. Vifaranga 600 usiwape banda lote. Wape theluthi yake, kama mita 3 kwa 6, uzungushie hadbodi au mabati mafupi yenye kimo cha nusu mita, na utenge sehemu hiyo kwa pazia la viroba lisilofika juu kabisa. Maranda yawe na kina cha sentimita 8 hadi 10, na moto uwashwe siku moja kamili kabla vifaranga hawajafika, kwa sababu sakafu ya Njombe inanyonya joto la miguu yao kuliko hewa inavyofanya. Kipimajoto kining'inie usawa wa mgongo wa kifaranga. Kikitundikwa ukutani kinakupa joto la kimo chako. Siku ya kwanza utafute nyuzi 32 hadi 33, kisha punguza kama 3 kila wiki mpaka ufike 21 hivi. Wakitawanyika sawasawa na kulia kwa sauti ya chini, umepatia. Wakikimbia chanzo cha moto huku midomo wazi, umezidisha. Wakijibana upande mmoja, kuna upepo unaowapiga, utafute unakotokea.

Kuhusu chanzo chenyewe cha joto, Njombe mna bahati ambayo wengine hatuna: mabaki ya mbao yapo kila mahali, ya misindano na ya milingoti. Tengenezesha jiko la pipa. Pipa la lita 200 linalazwa ndani ya banda, mdomo wake wa kuchochea unatokea nje ya ukuta, na bomba la moshi linapita juu ya bruda kisha linatoka nje kupitia ukutani au kwenye paa, likikingwa lisiguse mbao wala viroba. Moto unavuta hewa ya nje, moshi unatoka nje, na kinachobaki ndani ni joto tupu. Anayechochea hana haja ya kuingia bandani usiku. Bruda ya gesi nayo ni safi kuliko mkaa, ila ujue kila kilo ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, kwa hiyo upenyo wa juu bado unahitajika. Mpaka jiko la pipa liwe tayari, kama huna budi kutumia mkaa, utumie huku upenyo wa juu ukiwa umeongezwa mara mbili na bila mtu kulala humo.

Maranda. Tumia yale ya randa yenye vipande, siyo vumbi la msumeno. Vumbi linapanda kwenye pua za kuku, na vifaranga hulila. Ya mbao mbichi yaanike juani kwanza, la sivyo unaingiza maji na fangasi kwa mkono wako. Kila siku kamata konzi uikaze: ikibaki donge, yameloa, ikishikana kidogo kisha ikavunjika, ni sawa, ikitawanyika yote na kutoa vumbi, yamekauka kupita kiasi. Mabonge yaliyopo sasa yaondoe kwa koleo na uweke makavu, lakini ifanye kazi hiyo saa sita mchana turubai likiwa chini. Kuyafukua yakiwa yamefungiwa ndani kunatoa amonia nyingi kwa mpigo. Vyombo vya maji viinue vilingane na mgongo wa kuku.

Chokaa ya jirani uiache mpaka banda liwe tupu. Chokaa ni alkali, na amonia iliyokuwa imeshikwa kwenye maranda yaliyoloa huachiwa hewani kadiri alkali inavyopanda. Utaona maranda yamekauka juu na harufu ikazidi kuwa kali. Baada ya kuuza kuku wote, ukishatoa maranda na kuosha, hapo chokaa kwenye sakafu na kuta ni msaada mzuri. Marekani wafugaji wakubwa hutumia alumini salfeti kwenye maranda kwa sababu inafanya kinyume cha chokaa: inaongeza asidi na kuishika amonia. Kwa banda la kuku 600 sioni sababu ya kuinunua.

Feni usinunue. Inayozungusha hewa ndani ya banda lililofungwa inazungusha amonia ileile na kuongeza baridi kwa kuku. Inayotoa hewa nje inahitaji upenyo wa kuingizia, na ukiwa na upenyo uliopangwa vizuri kwenye banda la upana wa mita 6, upepo na joto la kuku vinafanya kazi hiyo bila bili, hata umeme ukikatika.

Kwa hao ulionao leo: geuza turubai kesho, ondoa mabonge, toboa pembetatu za mwisho. Ukichuchumaa alfajiri ya siku ya tatu au ya nne unapaswa kusikia tofauti kubwa. Kukoroma kutachelewa kidogo kuisha, maana vinyweleo vinahitaji muda kupona. Waliovimba matumbo watenge na usiwauze kwa ajili ya kuliwa.

Vifaranga wa Julai agiza, lakini wa mwisho wa mwezi, na waombe 500. Kwa mita 54 za mraba ulizonazo, 600 ni 11 kwa kila mita, na kwa mwinuko wako na hewa uliyonayo ningependa wawe 9. Kati ya kuwauza hawa na kupokea wale acha banda tupu wiki mbili: litolewe maranda yote, lioshwe, lipigwe chokaa, likae wazi likauke. Katika wiki hizo mbili ndipo fundi afunge jiko la pipa na kuinua kofia ya paa. Kama fundi atakuwa hajamaliza tarehe ya vifaranga ikikaribia, mpigie muuza vifaranga umwombe asogeze wiki moja. Ukimwambia mapema mara nyingi anakubali.